Njia Zetu Zote Zateremka Baharini

Nilizaliwa Tanga, katika mtaa ulio karibu na stesheni, na katika sauti za kwanza ambazo masikio yangu yalizizoea, pamoja na adhana ya alfajiri, ilikuwamo sauti ya gari moshi likiingia kutoka Korogwe na mabehewa yaliyosheheni mkonge. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kuli bandarini. Umri wake wote aliutumia katika kutoa robota behewani na kuziteremsha kwenye matishari, kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali na gati. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza mkonge ule wote waenda wapi, akanijibu kwamba waenda Ulaya, nikamwuliza gari nalo lirudipo bara lachukua nini, akafikiri kidogo, kisha akaniambia, "Lachukua watu, mjukuu wangu, na mabehewa matupu." Siku ile sikulifahamu jawabu lake. Nimelifahamu ukubwani, baada ya kusoma khabari za reli za bara letu na kusafiri kwa baadhi ya reli hizo, na leo nataka kulieleza, kwa maana naona kwamba ndani ya maneno yale machache ya mtu asiyejua kusoma imo sehemu kubwa ya sababu za Afrika kuwa kama ilivyo.

Historia ya nchi aghalabu hutafutwa vitabuni na katika makaburi ya wakubwa. Mimi naiona zaidi katika vitu vizito visivyohamishika: chuma kilicholazwa juu ya mataruma, gati iliyojengwa penye kina, jiwe la mpaka lililosimikwa porini. Bendera yaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja na sheria kwa kikao kimoja, lakini reli iliyokwisha kulazwa huendelea kuamuru biashara ipite wapi, mji ukue wapi, na mtoto wa nani apate shule, hata baada ya miaka mia kupita na wale walioilaza kuwa mchanga.

Twaa, msomaji, ramani ya reli za Afrika, uyafunike majina ya nchi kwa kiganja, utazame mistari peke yake. Utaona kwamba karibu kila mstari waanzia bandarini na kuishia kwenye mgodi, au shamba, au ziwa: Dakar kwenda Bamako, Abidjan kwenda Ouagadougou, Matadi kwenda Kinshasa, Lobito kwenda Katanga, Beira kwenda Harare, Dar es Salaam kwenda Kigoma, Mombasa kwenda Kisumu. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni mito, ila mto hupita pale ulipojaaliwa na Mola, na reli hizi zilipita pale walipotaka wenye fedha. Ukitafuta mstari uendao kwa ubavu, wa kuunganisha jirani na jirani, utatafuta sana. Kati ya Lagos na Abidjan, miji miwili adhimu iliyo katika pwani moja, hakuna reli hata leo.

Insafu yataka tukiri kwamba mwelekeo huu haukuanzwa na Wazungu. Sisi watu wa pwani tulikuwa na mkono ndani yake, tena mkono mzito. Kabla chuma hakijafika, misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, ikipeleka nguo za merikani, shanga na baruti, na kurejea na pembe za ndovu zikibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, na katika misafara mingi, wanadamu waliofungwa shingo kwa shingo. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, katika zama za Sayyid Barghash, naye alilifunga kwa kushurutishwa na Waingereza. Mjerumani alipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, akaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hakuvumbua njia mpya. Aliikuta njia ya misafara, akaitia chuma. Wengi katika sisi hupenda kuisimulia historia ya bara hili kana kwamba dhulma yote ilishuka kutoka merikebuni, na mimi nafahamu kwa nini twapenda hivyo. Lakini atakaye kujua kwa nini njia zetu zateremka baharini hana budi kuanza na Bagamoyo kabla ya kufika Berlin.

Hata hivyo misafara ile ilipita katikati ya ulimwengu wa biashara ambao haukuihitaji bahari. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa na watu waliotoka pande zote za maziwa makuu, ikabebwa hadi Burundi na hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Majembe ya chuma ya Wasumbwa yalikuwa mali na mahari, yakauzwa mbali na tanuri yalikofuliwa. Shaba ya Katanga iliyeyushwa ikapewa umbo la msalaba, na misalaba ile ikatumika kama fedha katika nchi nyingi za ndani. Mtu wa Unyamwezi aliijua njia ya kwenda Katanga sawasawa na alivyoijua njia ya kwenda Bagamoyo. Huo ndio ubavu wa bara uliovunjika, na ulivunjika kwa mambo mawili yaliyokuja pamoja. La kwanza ni kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1898 kwa rupia tatu, na rupia haikuchimbwa Uvinza wala haikufuliwa Usumbwa; mwenye chumvi na mwenye jembe ilimlazimu atafute mahali rupia ilipo, nayo ilikuwa shambani kwa Mzungu. La pili ni gari moshi lenyewe, lililoleta majembe ya Ulaya kwa bei ndogo hata tanuri za wahunzi zikapoa.

Sasa narudi kwa babu yangu na wale watu aliowaona wakipanda mabehewa. Mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika salama karibu na Pangani mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 likatoka zao lililoifanya Tanganyika, katika miaka ya 50 na mwanzo wa miaka ya 60, kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge. Zao hilo lilitaka mikono mingi kupita mikono ya Wasambaa na Wabondei, ambao walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuona sababu ya kukata majani ya mwiba kwa ujira mdogo. Kwa hiyo watu wakaletwa kutoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wabena, Wanyakyusa, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kuwaandikisha, likajulikana kwa jina la SILABU, na kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba ile akaitwa. Namba hizo ndizo asili ya neno manamba, ambalo sisi watoto wa Tanga tulilitumia kwa dharau bila kujua kwamba twamdharau mtu kwa jeraha alilotiwa na mwingine.

Athari ya mpango ule haikuishia Tanga. Zipo nchi zilizofanywa shamba na zipo zilizofanywa kisima cha kuteka watu, na nchi iliyofanywa kisima haikupewa zao la biashara, kwa kuwa mtu aliye na buni yake nyumbani hatapanda gari kwenda kukata mkonge wa mwenziwe. Uchagani, kulikokuwa na buni na misheni na reli iliyofika Moshi mwaka 1911, wakulima wenyewe walianzisha chama chao mwaka 1925, na kwa fedha ya buni wakasomesha watoto. Bukoba nako vivyo hivyo. Kigoma, ambako reli ilifika pia, ilipeleka vijana wake na kupokea wazee waliochoka. Siku ya Uhuru ilipofika mwaka 1961 na ofisi zikataka makarani, waalimu na matabibu, walionekana zaidi watoto wa nchi zenye buni. Na ijapokuwa serikali ya Mwalimu Nyerere ilifanya jitihada kubwa kueneza shule na zahanati, jitihada ambayo mimi nimeifaidi na kuishukuru, msomaji anayejua mikoa yetu anajua pia kwamba pengo lile halijazibika lote.

Kusini mwa nchi ni kisa kingine, nami nitakisema kwa ufupi kwa sababu chatia uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ilianzisha mwaka 1947 mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari ya Mtwara, wakalaza reli kutoka pwani ya kusini hadi Nachingwea, karanga zikakataa, mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Mara baada ya Uhuru reli ile ikang'olewa. Ilijengwa kwa haja ya London, na haja ya London ilipokwisha, haja ya Masasi na Nachingwea haikutosha kuifanya iendelee kuishi.

Nawe usidhani kwamba reli zilizobaki ziliungana. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na ya kati mwaka 1905, zote mbili ndani ya koloni moja, chini ya serikali moja, kwa upana mmoja wa milimita 1,000. Lakini zilikaa kama ndugu wasiosemezana mpaka mwaka 1963, pale zilipofungwa pamoja, baada ya Uhuru, kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Kwa miaka 70 hakuna aliyeona faida ya Korogwe kufika Morogoro kwa reli, kwa maana kila moja ilikuwa na bahari yake. Na reli pekee iliyoiunganisha Tanganyika na Kenya, kutoka Voi kupita Taveta hadi kwenye njia ya Moshi, ililazwa na jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ili askari na mizinga wapate kumfikia Mjerumani. Hata ujirani wetu kwa chuma ulizaliwa na vita.

Katika yote niliyoyasoma hakuna kisa kinachonishika kama cha Msiri. Alikuwa mtu wa Usumbwa, katika Unyamwezi, mwana wa mfanya biashara wa shaba aitwaye Kalasa. Akafuata njia ya baba yake hadi Katanga, akakaa huko, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 akasimamisha dola yenye makao yake Bunkeya. Shaba na pembe zake zilikwenda mashariki kwa njia ya Tabora hadi pwani yetu, na magharibi kwa njia ya Angola hadi Benguela. Kwa hiyo mtu huyu wa bara alikuwa amekwisha kuishika biashara ya bahari mbili kabla hakujalazwa hata taruma moja. Hakuwa malaika, aliuza watu na alitawala kwa upanga. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulitoka pwani yetu ukiwa na wapagazi wa pwani yetu, ukapita Tabora, ukafika Bunkeya, na tarehe 20 Desemba Msiri alipokataa kuipokea bendera ya Leopold akapigwa risasi akafa. Mizigo ya waliomwua ilibebwa na watu wa lugha yetu. Sikutaja jambo hili ili kuwahukumu wapagazi wale, maskini waliokodishwa kwa rupia. Nimelitaja kwa sababu ndipo hasa mahali njia ya ubavuni ilipokatwa, na iliyowekwa badala yake ikawa ya namna nyingine.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière ikaasisiwa ili ichimbe shaba ya Katanga. Mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville, ambayo leo yaitwa Lubumbashi. Haikutoka upande wa mji mkuu wa koloni la Kongo bali ilitoka kusini, kutoka nchi za Waingereza, na mwaka 1931 ikaongezwa njia ya magharibi hadi Lobito. Na kati ya Lubumbashi na Kinshasa? Mpaka hivi leo hakuna reli moja iendayo moja kwa moja. Mzigo huenda kwa gari hadi Ilebo, kisha hupakiwa katika mashua ya mto. Basi mtu asistaajabu kwamba Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30, Katanga ilijitenga siku 11 baadaye chini ya Moïse Tshombe, ikiungwa mkono na kampuni na askari wa Kibelgiji. Wala kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alipelekwa kuuawa huko huko Katanga mwezi wa Januari 1961. Jimbo ambalo lilifundishwa kwa miaka 50 kuzitazama bahari za wengine na kuupa mji wake mkuu kisogo lilifanya siasa ya aina ile ile. Tamaa za watu zilikuwamo, na hila za mataifa zilikuwamo, lakini reli ndiyo iliyokuwa imekwisha kuchora mstari ambao tamaa na hila zilipita juu yake.

Leo Kongo yatoa zaidi ya sehemu 70 katika kila 100 za kobalti ya dunia nzima, madini yatiwayo katika betri za simu na magari ya umeme, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo na shaba yake hupita Kasumbalesa kwa malori, ikapita Zambia, ikaingia Tunduma, ikateremka hadi Dar es Salaam. Nimekaa Tunduma na madereva wa malori hayo katika foleni isiyosogea, nikanywa nao chai ya rangi, nikawasikiliza. Mmoja alikuwa mtu wa Lubumbashi, mmoja wa Mbeya, mmoja wa Ndola, na wote watatu walikuwa wakibishana kwa Kiswahili juu ya bei ya mafuta, kila mmoja kwa lafudhi yake, wala hakuna aliyehitaji mkalimani.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu lugha hii ni ushahidi mkubwa nilio nao kwamba urithi wa dhulma waweza kugeuzwa. Kiswahili kilipanda bara kwa njia ile ile ya pembe na watumwa. Wajerumani wakakitumia kwa maakida na majumbe wao ili kodi ikusanywe kwa urahisi. Wabelgiji wakawasemesha kwacho wachimba migodi wa Katanga. Manamba wa makabila kumi waliolala katika kambi moja ya mkonge walikuwa hawana lugha nyingine ya kuulizana khabari za nyumbani. Hakuna hata mmoja katika mabwana wale aliyekusudia kuwapa watu hawa njia ya kufikiana. Lakini manamba aliporudi Kasulu alirudi na Kiswahili, na mchimba mgodi alikibakisha kwa watoto wake, na tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere akalihutubia Bunge kwa lugha hiyo, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukaipokea iwe lugha yake ya kazi. Shehena zilikwenda zikaishia merikebuni. Lugha ilibaki kwa watu, ikaenda kwa ubavu, ikavuka mipaka ambayo reli haikuivuka, kwa sababu wenye kuitumia walikuwa wakiitumia kwa haja zao wenyewe.

Na mipaka yenyewe nayo ni urithi. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 haukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani, na mistari ya kwetu ilichorwa hasa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890, ule wa kaskazini ukitoka mdomo wa mto Umba, ukakunja kiwiko kuuzunguka Kilimanjaro, ukanyooka hadi ziwani. Uliwagawa Wadigo, ukawagawa Wamasai, ukawagawa Wakuria. Viongozi wetu walipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964, wakaazimia kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika shauri hilo. Nayaona maazimio yale kuwa ya hekima, kwa kuwa kufungua mlango wa kuichora upya kungemwaga damu isiyo na kipimo. Somalia haikuyakubali, na vita vya Ogaden vya 1977 vyatuonyesha gharama ya kutoyakubali. Lakini kuuheshimu mpaka si sawa na kuufunga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mpaka mwaka 1983, usafiri wa reli kati ya Voi na Moshi ukakatika, na kati ya Lungalunga na Horohoro kuna ndugu ambao hawakuzikana. Aliyeufunga mpaka huo hakuwa Mjerumani, wala Mwingereza. Tulikuwa sisi.

Nimefika mahali panapotaka unyofu. Wapo wasemao kwamba miaka zaidi ya 60 ya uhuru yatosha, na kuwa mtu mzima anayemlaumu babu wa jirani kwa kila kasoro ya nyumba yake amekosa haya. Wana haki kiasi. Kenya huru ilipotoa mwaka 1965 waraka wake mashuhuri wa siasa ya uchumi, Waraka Namba 10, ilisema wazi kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwenye nchi zenye rutuba, mvua na njia, ili zilete faida ya haraka. Na nchi zenye njia zilikuwa zile ambazo mkoloni alizipendelea, kwa hiyo upendeleo wa mkoloni ukapewa muhuri wa serikali ya wananchi, na watu wa Marsabit na Moyale wakaingoja barabara ya lami mpaka miaka ya 2010. Walioandika waraka ule walikuwa wasomi, na hesabu zao zilikuwa sahihi. Lakini hesabu sahihi juu ya msingi uliopogoka huzidisha upogo, na hili ndilo jambo ninalotaka lishikwe na wale wanaodhani kwamba historia ni kisingizio: haitulazimishi, bali hutuwekea mbele yetu njia iliyo rahisi, na kila mara tunapochagua urahisi, twachagua walichokichagua wao.

Yatazame yanayojengwa sasa. Mwaka 2017 Kenya ilizindua reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi; mwaka 2024 sisi tukazindua yetu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma; zote za milimita 1,435, zote nzuri, nami nimepanda ya kwetu nikaona fahari isiyofichika. Lakini kila moja yatoka kwenye bandari yake na kuingia bara sambamba na mwenziwe, kama zile za mkoloni, ya Mombasa iliyoanza 1896 na ya Dar es Salaam iliyoanza 1905. Marekani na Ulaya zinasaidia kuifufua njia ya Lobito ili shaba na kobalti zifike Atlantiki. China nayo, mwaka 2024, ilitia saini mjini Beijing hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ili zifike Bahari ya Hindi. Na reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati ya Burundi, penye nikeli, yakusudiwa kwa nikeli hiyo. Uvinza, msomaji, ile ya chumvi.

TAZARA naitaja kwa heshima ya peke yake. Nchi za Magharibi zilikataa kuijenga, China ikakubali, kati ya 1970 na 1975 kilomita 1,860 zikalazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ili Zambia isiwe mateka wa walowezi wa Rhodesia. Ilikuwa reli ya undugu. Hata hivyo ilipasa iungane na reli za Zambia, ambazo zilijengwa kwa kipimo cha kusini cha milimita 1,067, na kwa hiyo behewa la TAZARA haliwezi kupita katika reli yetu ya kati. Tofauti ya milimita 67, urefu wa kidole, iliyowekwa na wahandisi wa wafalme wawili ambao hawakutarajia watu wao kukutana, bado yawatoa jasho makuli wa leo katika kupakua na kupakia.

Nchi za Afrika zilitia saini mjini Kigali mwaka 2018 mkataba wa soko huru la bara zima, na biashara chini yake ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Hata hivyo biashara ya Waafrika kwa Waafrika yakaribia sehemu 15 tu katika kila 100 za biashara yao yote. Wataalamu husema sababu ni ushuru, na vibali, na sarafu. Ni kweli. Lakini ushuru ukiondolewa leo jioni, mfanya biashara wa Mtwara atapeleka korosho zake Lusaka kwa njia gani, na wa Kisumu atapeleka samaki wake Bujumbura kwa behewa gani?

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni dogo kuliko maneno yote niliyoyasema. Waheshimiwa wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki hukaa Arusha, mwendo mfupi kutoka Moshi. Kutoka Moshi hadi Voi ni kilomita zisizofika 200, na njia yake ingaliko ardhini tangu Vita Kuu ya Kwanza. Nawaomba waiulize Nairobi na Dodoma, kwa kikao cha hadhara na kwa kumbukumbu iliyoandikwa, ni lini kipande hiki kitalazwa upya, kwa kipimo kimoja kwa pande zote mbili, kichukue mahindi na saruji na abiria. Na nawaomba wasomaji wa pande zote mbili za mto Umba wawaandikie wabunge wao kuwauliza swali hilo hilo, mpaka lijibiwe.